Kifaa cha GPS kwenye foleni ya Tunduma

Swali: Lori letu likikaa siku kadhaa kwenye foleni ya Tunduma kuvuka kwenda Nakonde, betri ya kifaa cha GPS huisha. Tukizime kabisa?

Jibu: Hapana, kilazeni usingizi. Kipokezi kilichokatiwa umeme wote husahau saa na njia za setilaiti. Kikiwashwa huanza upya, na kwa kuwa kila setilaiti ya GPS hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, muda huo wote kipokezi hula umeme kwa nguvu zote. Kikiachiwa umeme mdogo wa akiba, kumbukumbu hubaki. Taarifa hizo hufaa kwa takriban saa 4, na kikiamka mapema hujua kilipo kwa sekunde chache. Mtasema mlaji mkubwa ni modemu ya simu. Mara nyingi ni kweli, lakini kipokezi kikichelewa, modemu nayo hukesha ikikisubiri. Kisha tazameni antena: iliyofichwa chini ya bati (kwa kuogopa wezi, naelewa) haioni anga, na kifaa hutafuta bure hadi betri ife. Iwekeni chini ya plastiki, uso juu. Lori lililosimama liripoti mara moja kwa saa. Likisogea, kihisi cha mtikisiko kiamshe kifaa.