Mchezo wa Televisheni Upimwe Kabla ya Kuonyeshwa Watoto

Wazazi watuuliza: je, mchezo wa televisheni ulioeleza maisha ya wanafunzi wa nyimbo, ngoma na uigizaji wawafaa watoto? Jawabu ni kuwa jina la mchezo halitoshi kuuhukumu. Hapana budi kupima mambo mawili: kinachoonyeshwa, na kinachosifiwa.

Na tuchukue mfano wa Fame, habari ya skuli ya sanaa katika mji wa New York, Marekani. Jina hilo lina kazi zaidi ya moja. Iko filamu ya 1980, iliyoongozwa na Alan Parker. Huko kwao ilipewa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii ila pamoja na mzazi au mlezi. Kisha uko mchezo wa televisheni ulioonyeshwa tangu 1982 hata 1987, nao ni mpole zaidi. Tena iko filamu ya 2009, iliyopewa alama nyepesi ya PG. Basi afuataye jina tu aweza kumwekea mtoto wa miaka 9 kisichokuwa chake.

Katika filamu ya 1980 yumo msichana anayehadaiwa na mtu ajifanyaye mtengenezaji wa filamu, hata akavua nguo yake mbele ya kamera huku akilia. Kijana mkubwa hupata onyo: ajihadhari na ahadi tamu. Mtoto mdogo halioni onyo. Huona uchi na kilio.

Ama kinachosifiwa, hicho hakiandikwi katika alama yoyote, wala hizi za kwetu Kenya za GE, PG, 16 na 18. Katika mchezo wa televisheni, mwalimu wa ngoma, aliyeigizwa na Debbie Allen, awafundisha wanafunzi kuwa hapana kupata pasipo jasho. Hilo ni jema. Lakini jina lenyewe maana yake ni umaarufu, na mtoto aweza kudhani kuwa asiyepigiwa makofi hana thamani.

Kwa hiyo mzazi na atazame kwanza peke yake, kisha aketi na mwanawe, kisha amwulize: "Umempenda nani, na kwa nini?" Akijibu, "Kwa kuwa alijitahidi," mchezo umemfaa. Akijibu, "Kwa kuwa alishangiliwa," hapo mzazi ana la kusema, wala asilale kabla hajalisema. Mtoto ni amana, na amana haiwekwi mikononi mwa televisheni.