Ndege Wawili wa Argentina: Majirani Wasiooana

Katika jimbo la Corrientes, kaskazini-mashariki ya Argentina, iko nchi kubwa ya vinamasi na majani marefu iitwayo Iberá. Humo huishi aina mbili za ndege wadogo wala mbegu, mfano wa chiriku. Mmoja ajulikana tangu zamani, na wataalam humwita Sporophila hypoxantha. Wa pili, Sporophila iberaensis, aligunduliwa mwaka 2001, akapewa jina rasmi mwaka 2016.

Kufanana kwao. Wote wawili hula mbegu za majani, hujenga matundu katika majani yale yale, na huzaa majira yale yale. Majike yao hayatambulikani kwa macho ya mtu.

Kutofautiana kwao. Dume la kwanza lina tumbo la rangi ya mdalasini. La pili lina tumbo la rangi ya mchanga na koo jeusi. Tena kila dume lina wimbo wake.

Yafaa kuuliza: je, hao si aina moja tu? Hakuna mlima wala mto unaowatenga. Mwaka 2021 wataalam walioongozwa na Sheela Turbek, wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walitoa jibu. Walichunguza chembe za urithi za ndege hao, wakaona zatofautiana mahali padogo patatu tu, penye jeni 12. Na jeni 3 kati ya hizo zahusu rangi. Walichunguza pia wazazi na makinda, wakaona kila jike huchagua dume la aina yake.

Kisha walitengeneza sanamu za ndege, wakazipaka rangi na kupiga nyimbo zilizonaswa. Dume lililinda makao yake kwa ukali zaidi lilipoona rangi yake na kusikia wimbo wake kwa pamoja, kwani huyo ndiye mshindani wa kweli wa kumnyang'anya mke. Mgeni wa aina nyingine halikumjali sana.

Basi, rangi na wimbo vyatosha kuzitenga aina mbili zikaazo pamoja. Lakini mbuga za Amerika ya Kusini zinapolimwa au kupandwa misonobari, na madume yanapotegwa ili yauzwe katika vizimba, hasara ni ya wote wawili. Maana majani yakitoweka, hapatakuwa na mbegu wala mahali pa kujenga tundu.