Askari Akirudi na Kiinua Mgongo

Ndugu wa vikundi vya Elburgon, Turi na Marioshoni,

Kila mara hurudi kwetu mtu aliyemaliza miaka yake jeshini. Wiki hiyo hiyo jirani wanaanza kumletea mawazo: afande, nunua matatu, afande, jenga ploti, afande, tukopeshe kidogo. Somo la leo ni lake, na pia ni la kikundi kitakachompokea.

Jambo hili si geni. Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka 1945, makumi ya maelfu ya askari wa Kenya walirudi nyumbani, wengine kutoka Burma walikopigana na Wajapani. Serikali ya kikoloni ilipeleka baadhi yao Kabete. Chuo cha ufundi cha huko, ambacho leo ni Kabete National Polytechnic, kiliwafundisha kazi za mikono kama useremala na uashi. Jeanes School, iliyoanzishwa 1925 kwa ajili ya walimu wa vijijini, ilifundisha hata wenye maduka. Mahali hapo leo ni Kenya School of Government. Hapa kwetu Njoro, Egerton ilianza 1939 kwa Wazungu peke yao! Leo mtoto wa Elburgon anasomea biashara huko.

Wale wazee walichanga pesa zao wakaanzisha maduka na kampuni za lori. Nyingi zilianguka. Mbona? Sheria iliwabana: deni la Mwafrika likizidi shilingi 200, mwuzaji hakuweza kumdai mahakamani bila idhini ya serikali, kwa hivyo mwenye bohari alikataa kumkopesha. Hiyo sheria ilikwisha. Lakini kulikuwa na sababu nyingine: maduka mengi katika soko moja, yote yakiuza sukari na sabuni ile ile. Hiyo bado tunayo. Tembea tu kutoka stesheni mpaka stendi ya matatu uhesabu vibanda vinavyouza kitu kimoja.

Askari huja na ujuzi ambao vikundi vyetu vinakosa. Jeshini blanketi moja haitoki stoo bila sahihi. Sisi je? Gunia la mbolea linatoka kwa neno la mdomo, halafu tunagombana mwezi mzima. Mpeni huyo mtu stoo na daftari kabla ya kumpa uenyekiti.

Kuna asichofundishwa huko, nacho ni bei. Chakula kilimjia kwa sahani, nguo alipewa, lori lilijazwa mafuta na mwingine. Tena alizoea amri, na mteja hapokei amri ya mtu. Akisoma biashara, kwa diploma au kwa semina ya siku tatu, hesabu ya gharama ndiyo aanze nayo.

Tuseme amenunua magunia 40 ya viazi Marioshoni kwa shilingi 2,500 kila moja. Hiyo ni 100,000. Lori ni 12,000. Kupakia na kupakua, shilingi 50 kwa gunia, ni 2,000, na ushuru wa kaunti tuuweke 2,000 vilevile. Jumla 116,000. Nairobi gunia linauzwa 3,000, na mtu wa haraka haraka atasema, “Nimepata 500 kwa kila gunia, yaani 20,000.” Kumbe ni 4,000 tu, kama yote yatauzwa. Barabara ikiharibika na mvua, magunia matatu yakaoza, atauza 37 apate 111,000. Amepoteza 5,000, na hajalipa chakula chake wala simu. Bei ni za mfano; wekeni zenu.

Kwa hivyo tunashauri asitie kiinua mgongo chote katika safari ya kwanza. Pensheni ya kila mwezi ilishe nyumba, na biashara ianze na sehemu ambayo ikipotea watoto hawatarudishwa kutoka shuleni. Mkewe pia aone daftari. Mara nyingi yeye ndiye aliyelima na kuuza miaka yote bwana akiwa kambini, na anajua broka gani hudanganya kwa mizani.

Mkutano ujao, mweka hazina alete daftari. Chagueni bidhaa moja mnayouza sasa, maziwa, mbao au kabeji, mfanye hesabu kama ile ya viazi. Kisha mjadili: ni gharama gani tulikuwa hatuiandiki? Na afande akitaka kujiunga nasi, atachanga hisa sawa na wengine, au zaidi, na akizidisha, je, kura yake itabaki moja?