Nguruwe Pori na Kulungu Wanamaliza Shamba: Jinsi ya Kuchagua Mashine ya Uzio wa Umeme ya Bei ya Kati



Mahindi yakianza kukaza punje, swali linalonijia sana ni hili: "Afisa, nikanunue bunduki gani ya bei ya kati kwa ajili ya nguruwe pori na kulungu?" Jibu langu ni fupi: kama unalima kibiashara, hela hiyo ipeleke kwenye uzio wa umeme.

Kwanza kuna sheria. Hapa Tanzania wanyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kabla ya kuwinda. Bunduki nayo ina leseni yake. Wenzetu wa Kenya ndio kabisa, uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Pili, bunduki hailindi shamba ukiwa umelala, na nguruwe pori wanakuja usiku. Ukimwangusha mmoja, kundi linarudi kesho yake. Uzio unakesha wenyewe.

Basi leo tujifunze kuchagua mashine yake, ile ambayo wengi wanaiita enajaiza.

Inafanyaje kazi?

Mashine inachukua umeme mdogo wa betri ya volti 12, inaukusanya, kisha inautupa kwenye waya kwa pigo fupi sana lenye maelfu ya volti, takribani mara moja kila sekunde. Mnyama akigusa waya, umeme unapita mwilini mwake, unaingia ardhini, unarudi kwenye mashine kupitia ethi. Anashtuka, anakimbia, na anakumbuka. Hapo kwenye kukumbuka ndipo faida ilipo: uzio huu haumzuii mnyama kwa nguvu kama ukuta, unamfundisha adabu.

Soma jouli, usidanganywe na volti

Dukani utaambiwa "hii ina volti 10,000." Karibu zote zina volti nyingi zikiwa hazijaunganishwa na waya. Nguvu ya pigo inapimwa kwa jouli. Na hapo kuna jouli za aina mbili: zilizohifadhiwa ndani ya mashine na zinazotoka kwenda kwenye waya. Wauzaji wengine wanataja za ndani kwa sababu ni kubwa zaidi. Wewe uliza zinazotoka.

Mashine za bei ya chini mara nyingi hutoa chini ya nusu jouli. Zinatosha bustani ndogo iliyopaliliwa vizuri. Majani yakigusa waya, nguvu inaishia kwenye majani. Za bei ya kati hutoa kama jouli 1 hadi 3, na hizi ndizo zinazomfaa mkulima wa ekari chache. Zilizo juu ya hapo ni za mashamba makubwa. Usibebe mzigo usiokuhusu.

Piga hesabu ya shamba lako

Chukua ekari 5 zenye umbo la mraba. Kila upande ni kama mita 142, kwa hiyo mzunguko ni mita 570 hivi. Ukipitisha waya 4, unahitaji kilomita 2.3 za waya. Kwa makadirio ya tahadhari, weka jouli 1 inayotoka kwa kila kilomita ya waya. Kwa hiyo tafuta mashine ya jouli 2 hadi 3.

Sasa angalia hili. Wewe na jirani yako mkiwa na ekari 5 kila mmoja, mkizungushia kila mtu lake, jumla ni mita 1,140. Mkizungushia mashamba yote mawili kwa uzio mmoja, ni mita 855 tu. Mmeokoa robo ya uzio, zaidi ya kilomita moja ya waya, na mmenunua mashine moja badala ya mbili. Kaeni muongee kabla ya kwenda dukani.

Kuhusu bajeti, usianze na bei ya mashine, anza na hasara. Tuseme unapoteza gunia 2 kwa ekari. Ekari 5 ni gunia 10 kila msimu. Kama gharama yote ya uzio inalipwa na gunia za misimu miwili au mitatu, nunua. Kama hasara yako ni gunia moja kwa shamba zima, subiri kwanza.

Betri na sola

Angalia kibandiko cha mashine uone inakula ampea ngapi. Tuseme ni 0.35. Zidisha kwa saa 24, unapata kama 8.4 kwa siku. Betri ya N70 ina 70, lakini usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Kwa hiyo una 35 za kutumia, yaani siku nne bila jua. Paneli ya wati 40 hadi 50 itairudisha hata siku za mawingu. Ukinunua paneli ya wati 10 kwa sababu ni rahisi, uzio utazimika masika, wakati mazao yapo shambani.

Ethi ndiyo inayoangusha wengi

Unakuta mtu ana mashine nzuri lakini kachomeka kipande kimoja cha nondo chenye kutu. Weka fimbo tatu za chuma kisichoshika kutu, za mita 1.5 hadi 2, zikiachana mita 3, sehemu yenye unyevu. Ardhi ikiwa kavu sana kama Dodoma wakati wa kiangazi, unganisha waya mmoja kati ya ule wa chini na wa juu na ethi. Mnyama akigusa waya wa moto na huo wa ethi kwa pamoja, atapata kipigo hata udongo ukiwa mkavu.

Kwa nguruwe pori, waya mbili za chini ndizo muhimu: sentimita 20 na 40 toka ardhini. Nyingine weka 65 na 100 kwa ajili ya kulungu. Kulungu anaweza kuruka, kwa hiyo lazima ashtuke mara ya kwanza anaponusa. Marekani, wakulima wanaosumbuliwa na kulungu wa huko hupaka siagi ya karanga kwenye karatasi ya alumini na kuining'iniza kwenye waya. Mnyama akilamba, amesoma somo. Karanga tunazo, jaribu.

Ila tusidanganyane: ngedere ataingia kwa kurukia matawi, hivyo kata matawi yanayopita juu ya uzio. Na uzio wa ukubwa huu si wa tembo. Tembo wakifika, toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Pima, usikisie

Nunua kipimo cha volti cha uzio siku hiyohiyo unayonunua mashine. Kwenye kona ya mbali kabisa isome 4,000 au zaidi. Ikishuka, kwanza tafuta majani yanayogusa, kisha vihami vilivyopasuka, kisha kagua ethi. Mashine iwe ya mwisho kulaumiwa. Usiku na mchana iache imewashwa.

Hili si la mjadala

Kamwe usiunganishe waya wa shamba na umeme wa nyumbani wala jenereta. Mashine halali hutoa pigo la chini ya sekunde moja na kuachia, mtu anapata nafasi ya kujitoa. Umeme wa nyumbani hauachii. Atakayekufa anaweza kuwa mtoto wa jirani aliyefuata mbuzi, na wewe utajibu mahakamani. Usitumie waya wa miiba, usiunganishe mashine mbili kwenye uzio mmoja, weka vibao vya tahadhari kwa Kiswahili, na uwajulishe majirani na mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuwasha.

Kazi ya wiki hii: pima mzunguko wa shamba lako kwa hatua, zidisha kwa idadi ya waya, uandike jouli unazohitaji. Nenda dukani na karatasi hiyo mkononi. Muuzaji akikuona na hesabu yako, maongezi yatakuwa mengine.