Daftari la madeni: zoezi la kuanzia programu

Anayeanza kujifunza kuandika programu hupewa mazoezi mengi madogo: chapisha piramidi ya nyota, tafuta namba tasa, kokotoa eneo la duara. Si mabaya, ila ukimaliza moja unalitupa, na hakuna linalokuonyesha kwa nini miundo ya data ilihitajika. Ushauri wangu ni kushika zoezi moja na kuliacha likue. Daftari la madeni la duka la mtaani linatosha. Lugha iwe Python; ni ya bure, na hata mwenye simu ya Android pekee anaweza kuiendesha.

Anza kwa njia mbovu, tena kwa makusudi. Weka majina ya wadaiwa katika orodha moja na madeni yao katika orodha nyingine, jina la tatu likienda na deni la tatu. Mteja mmoja amelipa: futa jina lake, deni liache. Chapisha daftari. Kila aliyekuwa chini yake sasa anabeba deni la aliyemtangulia, na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Makosa ya kimya kama hili ndiyo mabaya kuliko yote, kwa hiyo litazame vizuri kabla ya kulirekebisha.

Kisha hamia kwenye kamusi, ambako kila deni limefungwa kwenye ufunguo wake. Ukitumia jina kuwa ufunguo, mambo yatakwenda sawa hadi aje Juma wa pili, ambaye deni lake litafuta la Juma wa kwanza. Tumia namba ya simu, na uihifadhi kama maandishi, maana ukiigeuza kuwa namba sifuri ya mwanzo inapotea. Shilingi ziwe namba kamili zisizo na nukta. Mwenye shaka aiambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itajibu 0.30000000000000004.

Sasa muuzaji ameandika 5,000 badala ya 500 na anataka kutengua. Hapa ndipo rundo linapoingia, la mwisho kuwekwa likiwa la kwanza kutoka. Orodha ya kawaida inafaa: append huweka, pop hutoa. Ugumu uko kwenye kuamua unaweka nini. Ukiweka deni jipya, huna pa kurudi. Weka la zamani pamoja na namba ya mteja. Na kama mteja ni mgeni, hana deni la zamani, je? Usiende mbele kabla hujalijibu hilo. Halafu jaribu kutengua rundo likiwa tupu, uone programu inavyoanguka.

Foleni haitakuchosha: oda za mitungi ya gesi, aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Tumia deque iliyo kwenye moduli ya collections, kwa sababu kuondoa kitu cha kwanza kwenye orodha hulazimisha vyote vilivyobaki kusogea.

Daftari la watu 30 haliwezi kukufundisha kasi. Tengeneza wateja 100,000 wa kubuni, kisha utafute namba 1,000 zisizokuwemo, kwanza katika orodha, halafu katika kamusi, ukipima muda. Kabla ya kuendesha, andika kwenye karatasi jibu unalotarajia. Bila hivyo unatazama tu namba zikipita. Orodha hukagua mmoja mmoja hadi mwisho. Kamusi hupiga hesabu juu ya ufunguo na kwenda karibu moja kwa moja mahali pake.

Ukitaka zaidi, panga namba kwa mfuatano na uandike mwenyewe utafutaji wa kukata nusu kwa nusu. Kwa namba 1,000,000, ulinganisho hauzidi 20. Ujaribu kwa namba ya kwanza, ya mwisho na isiyokuwepo. Programu ikizunguka bila kukoma, chapisha mipaka yako miwili kila mzunguko. Mara nyingi mmoja wao utaukuta haujasogea.