Ubao wa Mawimbi na Uti Wake: Mbao Ipi Inafaa?

Uliza darasa lolote la sayansi mbao ipi ni imara, jibu litakuja kwa sauti moja: mbao ngumu. Uliza mbao ngumu ni ipi, utatajiwa mninga, mvule, mpingo. Sasa uliza swali la tatu, "Umejuaje?" Hapo ndipo kimya kinapoingia. Sisi tunaosomea ualimu tukimaliza bila kuliuliza swali hilo, tutazalisha wakariri wenzetu. Basi tulijibu kwa kutumia kitu ambacho wengi tumekiona kwenye video tu: ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, ule wa kujitengenezea nyumbani.

Stringa ni nini?

Zamani watu wa Hawaii walichonga ubao mzima kutoka kwenye gogo, kwa mfano la koa au la wiliwili, mti mwepesi sana. Kuanzia miaka ya 1950 kiini cha povu gumu kikashika nafasi, kikivikwa kitambaa cha faiba na rezini. Povu ni jepesi ila huvunjika kirahisi. Kwa hiyo fundi hulipasua katikati kwa urefu, hupachika ukanda mwembamba wa mbao, kisha hugundisha tena. Ukanda huo ndio stringa, uti wa mgongo wa ubao. Unaongeza ukakamavu, unatunza mkunjo wa ubao toka puani hadi mkiani, na unampa fundi mstari wa katikati wa kupimia.

Umbo kwanza, jina baadaye

Chukua rula ya plastiki yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3. Ikunje ikiwa imelala: inapinda bila shida. Isimamishe kiubavu uijaribu tena: inagoma. Plastiki ni ileile, lakini ukakamavu umepanda mara 100! Sababu ni kwamba ukiongeza unene maradufu, ukakamavu unaongezeka maradufu tu. Ukiongeza kimo maradufu, unaongezeka mara 8. Stringa husimama kiubavu vivyo hivyo, na ndiyo maana unene wa milimita 3 hadi 6 unatosha. Tena ngozi ya faiba, juu na chini, inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Hatuhitaji mbao ya kujengea daraja.

Uzito

Ukanda wa sentimita 180 kwa 6 kwa nusu sentimita una ujazo wa sentimita za ujazo 540. Ukiwa wa basiwudi, mbao inayopendwa Marekani kwa kazi hii, utakuwa na gramu 220 hivi. Wa mninga unakaribia gramu 340, na wa mpingo unafika kama 650. Uzito wote huo unaubeba wewe mwenyewe kwenye maji.

Randa haidanganyi

Hapa ndipo mbao ngumu inapoumbuka. Fundi anaranda povu na mbao kwa pamoja. Mbao ikiwa ngumu mno, randa inalila povu pembeni huku stringa ikibaki imetuna kama kovu. Mvule una shida nyingine: nyuzi zake hupishana, randa ikipita inachana. Kipande cha saiprasi kilichokauka, chenye nyuzi zilizonyooka na kisicho na fundo, kitamshinda mvule kwenye kazi hii.

Kabla hujalipa

Tazama nyuzi kwenye ubavu wa mbao. Zikikimbilia nje badala ya kufuata urefu, ufa utafuata njia hiyohiyo. Fundo likataye mapema. Kuhusu ukavu, pima kipande kwenye mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, kiko tayari. Mbao mbichi itasinyaa baadaye na kuachana na povu. Na kama povu lako ni lile jeupe la kufungia televisheni, usiguse gundi ya viatu yenye harufu kali, maana italiyeyusha.

Darasani fanya hivi: kata kanda za vipimo sawa kutoka mbao tofauti, laza kila mmoja juu ya matofali mawili, ning'iniza chupa ya maji ya lita 1 katikati, pima umepinda milimita ngapi. Kisha upime uzito wake. Wanafunzi wapange matokeo kwenye jedwali kabla ya kuambiwa jina la mti wowote.

Mwisho waambie jambo moja la kuwachangamsha. Kwa wanabotania, "mbao ngumu" ni ile itokayo kwenye miti itoayo maua, na "laini" ni ya jamii ya misonobari. Kwa hesabu hiyo balsa, mbao ambayo hata ukucha unaiachia alama, ni mbao ngumu. Jina linakueleza ukoo wa mti. Kama kipande ulichoshika kinafaa kazi yako, hilo utalijua kwa kupima.