Umeumia Goti? Tazama Vidole vya Mguu

Bodaboda imekatiza, bampa ya gari imekupiga ubavuni mwa goti, uko chini. Watu wamekuzunguka. Mmoja anataka kukuvuta mguu unyooke. Mwingine ameshamtuma mtoto dukani kwa dawa ya kuchua. Wakatalie wote wawili, kwa upole lakini kwa sauti. Huenda hilo si goti lililoteguka. Huenda ni kichwa cha ugoko kilichovunjika, na mfupa uliovunjika hauchuliwi.

Pitisha mkono kwenye mguu wako mzima sasa hivi ujue ninachokisema. Shika pia ya goti, teremka taratibu. Utakuta nundu ngumu: hapo ndipo inaposhika kano inayonyoosha goti. Juu ya nundu hiyo mfupa unatanuka na kuishia kwa meza mbili bapa zilizotandikwa gegedu, moja upande wa ndani, moja upande wa nje. Uzito wako wote unatua hapo kila ukipiga hatua. Ndani ya meza hizo mfupa ni kama sponji, kwa hiyo kishindo kikali hakizipasui tu, huzididimiza.

Meza ya nje ndiyo huvunjika zaidi, maana kipigo aghalabu hutokea upande huo. Mwaka 1929 madaktari wawili wa Marekani waliuandika uvunjikaji huu kama mvunjiko wa madigadi ya gari, na jina hilo lingetufaa hata sisi. Lakini gari si lazima. Anayeanguka kutoka kwenye mnazi au dari na kutua kwa miguu anaweza kuzivunja zote mbili.

Sasa jambo la kushika kuliko yote. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote wa chini. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, neva inazunguka shingo ya ule mfupa mwembamba wa pembeni, karibu kabisa na ngozi. Mfupa ukivunjika, hao majirani wanaweza kuumia nao. Goti litavimba na kuvuta macho ya kila mtu, lakini habari utaipata chini. Vua kiatu na soksi. Shika nyayo zote mbili: mmoja ni wa baridi kuliko mwingine? Umepauka? Jaribu kuinua vidole kuelekea usoni kwako. Vikigoma, au ukihisi ganzi, au unyayo ukiwa wa baridi, hiyo ni safari ya hospitali kubwa sasa hivi, si kesho asubuhi.

Kabla ya safari, fungeni mguu ulivyo. Usinyooshwe. Banzi zuri si lazima litoke kliniki: mbao mbili au katoni iliyokunjwa mara kadhaa, iliyoviringishiwa kanga, ianzie juu ya paja hadi ipite kifundo. Funga juu ya goti na chini ya goti, usifunge penye jeraha lenyewe. Kidole kimoja kipite chini ya kila fundo. Vidole vya mguu viachwe wazi, maana mtavikagua tena njiani.

Kukiwa na kidonda, funika kwa kitambaa safi na uwaambie wahudumu mara tu mnapofika. Kidonda juu ya mfupa uliovunjika kinahitaji dawa ya kuzuia vijidudu mapema. Hakuna majivu, hakuna mafuta ya taa, hakuna kurudisha mfupa ndani. Na tafadhali, usipandishwe bodaboda nyingine ukining'iniza mguu. Kiti cha nyuma cha gari, umelala.

Hayo ni ya ajali kubwa. Je, umeteleza tu bafuni au umegongana na mtu uwanjani, mguu umenyooka vizuri, na hujui kama inafaa kutoa hela ya picha? Kuna kipimo kizuri kilichotungwa Ottawa, Kanada, miaka ya 1990, na hakihitaji mashine. Nenda kapigwe eksirei ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya haya: una miaka 55 au zaidi, panauma ukibonyeza pia ya goti peke yake, panauma ukibonyeza kile kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje, goti halikunjiki hadi pembe mraba, au hukuweza kutembea hatua 4 pale pale, na hata sasa huwezi. Kuchechemea kunaruhusiwa, hatua zinahesabika. Usikitumie kwa mtu aliyelewa: yeye atatembea hatua 40 akiwa na mguu uliovunjika.

Picha ikitoka safi, na siku chache baadaye bado huwezi kukanyaga, rudi. Mipasuko midogo ya meza hizi hujificha kwenye eksirei ya kawaida. Uliza kuhusu CT-Scan bila aibu. Daktari wa mifupa mara nyingi huihitaji hata hivyo, ili aone mfupa umedidimia kiasi gani kabla ya kuamua kupasua.

Siku 2 za kwanza baada ya kuvunjika ndizo za kutolala usingizi mzito. Misuli ya kigimbi imefungwa ndani ya mifuko isiyotanuka. Damu na uvimbe vikijaa humo, msukumo unabana mishipa na misuli inaanza kufa ndani ya saa chache. Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha: yanazidi badala ya kupungua, dawa haigusi, na mtu akikunja au kunyoosha vidole vyako vya mguu unapiga kelele. Kigimbi kinakuwa kigumu kama ubao. Usisubiri unyayo upoe, huo ni mwisho wa hadithi. Fungua bandeji zote. Mguu ulale usawa wa moyo, usiupandishe juu ya mito. Mwite daktari, na ukiwa nyumbani, toka saa hiyo hiyo. Kama umefungwa hogo la plasta, lipasuliwe. Hogo jipya linapatikana, mguu haupatikani.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba wanaopeleka wagonjwa kwa waunga mifupa wa jadi: mabanzi yanayokazwa na kuachwa siku nzima kwenye mguu unaovimba yameshawagharimu watu miguu. Kama huwezi kuona vidole wala kupitisha kidole chini ya kamba, legeza.

Hospitalini mnaweza kuambiwa operesheni itasubiri siku kadhaa, pengine wiki 2. Ndugu hapo huanza kulalamika kwamba mgonjwa ametelekezwa. Mara nyingi si hivyo. Ngozi iliyovimba na kutoa malengelenge ikikatwa haifungi vizuri, na vidudu huingia hadi kwenye vyuma. Daktari anangoja uvimbe ushuke mpaka ngozi ianze kurudisha mikunjo yake. Wakati mwingine huweka fremu ya chuma nje ya mguu kushikilia mifupa kwa muda. Ulizeni swali moja: mnasubiri ngozi, au mnasubiri kitu kingine? Jibu litawaambia kama mtulie au mtafute kwingine.

Mtoto wa shule mwenye nundu inayouma chini ya pia ya goti ni kesi nyingine. Akiwa kwenye miaka ya kurefuka haraka na anacheza mpira kila siku, kano huwa inavuta mfupa ambao bado haujakomaa. Mpunguzie kukimbia na kuruka, mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, na mara nyingi hali hutulia ukuaji ukikamilika. Ila aliyeruka mara moja, akasikia mlio, na sasa hawezi kuinua mguu ukiwa umenyooka, mpeleke leo.

Turudi kwako uliyevunjika: sasa uko nyumbani. Kutokanyaga kwa kawaida ni wiki 6 hadi 12, na anayeamua ni daktari aliyeona picha, si jirani aliyepona haraka. Ukikanyaga mapema, meza iliyoinuliwa inadidimia tena, na goti linaanza kusagika ukingali kijana. Sigara weka kando, inachelewesha mfupa kuunga.

Usiweke mto chini ya goti hata kama ni raha. Goti litazoea kukunja na kukataa kunyooka. Viringisha kanga, weka chini ya kisigino. Daktari akiruhusu, bonyeza goti kitandani, hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10, mara kadhaa kwa siku. Misuli ya paja hunywea upesi sana. Kigimbi kikivimba upya na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, damu inaweza kuwa imeganda: hospitali mara moja.

Magongo yaache nafasi ya vidole 2 hadi 3 chini ya kwapa. Uzito ubebwe na viganja. Ukiyaegemea kwa kwapa, mikono itaingia ganzi. Ngazi ukipanda, mguu mzima unatangulia. Ukishuka, magongo na mguu mgonjwa vinatangulia. Ukisali, sali umekaa.

Na choo cha kuchuchumaa usijaribu, utaishia kukanyaga bila kutaka. Chukua kiti imara cha plastiki, kikatwe tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo. Anayekikata alainishe kingo kwa msasa.